Uso na Jina: Safari ya Majukwaa ya Wanafunzi kutoka Mlimani hadi Makerere

Kati ya mwaka 1963 na 1970, vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa sehemu za taasisi moja iliyoitwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na ingawa muungano huo ulivunjika kila nchi ilipotaka kuwa na chuo kikuu chake, msafiri anayevipitia vyote vitatu kwa barabara, akianzia pwani na kuishia kwenye vilima vya Kampala, bado anakuta desturi moja inayovifanya vifanane: mwanafunzi kusimama hadharani mbele ya wenzake na kulisemea jambo linalomkera au linalomgusa moyo. Makala haya yanaifuata njia hiyo chuo kwa chuo, yakishikilia kwamba ufasaha ni sehemu ndogo tu ya thamani ya jukwaa la mwanafunzi, na kwamba sehemu kubwa imo katika sharti gumu zaidi, yaani anayesema aonekane uso, ajulikane jina, na awe tayari kujibiwa palepale.

Kituo cha kwanza ni kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyo kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, juu ya kilima ambacho ndicho kilichokipa chuo jina lake la kawaida, Mlimani. Chuo chenyewe hakikuzaliwa hapo, kwani kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15, kisha kikahamia kilimani mwaka 1964. Abiria anayeshuka leo kwenye daladala iliyotoka Mwenge au Ubungo hupanda taratibu chini ya miti mikubwa hadi kwenye Ukumbi wa Nkrumah, jengo lenye paa la zege lililopinda, ambalo Watanzania wengi wasiowahi kukanyaga Mlimani wanalijua kwa sura, kwa kuwa lilichorwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500.

Hata hivyo, kujifunza kusema hakuanzii ukumbini. Kunaanzia kwenye vimbweta, yaani meza na mabenchi ya zege yaliyojengwa nje, kando ya madarasa na mabweni, ambako wanafunzi huketi vikundi vikundi kusoma, kujadili na mara nyingi kubishana. Hapo ndipo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka sekondari ya mkoani, ambaye hajawahi kushika kipaza sauti, huijaribu hoja yake mbele ya watu watano kabla ya kuipeleka mbele ya watu mia tano: yuko anayewatetea wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito, yuko anayetaka wakalimani wa lugha ya alama madarasani kwa sababu amekulia nyumba moja na ndugu kiziwi, yuko ambaye mawazo yake yote yako kwenye mikoko inayokatwa katika delta ya mto wa kwao, na wako wengi wanaolalamikia kuchelewa kwa fedha za kujikimu zinazotokana na mkopo wa serikali, ambazo wanafunzi huziita bumu. Anayetazama kwa karibu huona karatasi iliyokunjwa mara nne, mistari iliyopigwa chini ya maneno ya kukazia, na macho yasiyoinuka kutoka kwenye maandishi katika dakika ya kwanza. Kisha mwenzake mmoja humkatiza kwa kuuliza, "Hiyo takwimu umeitoa wapi?" na hapo msemaji hulazimika kuiacha karatasi, kumtazama muulizaji na kujieleza kwa maneno yake mwenyewe. Swali hilo moja humfundisha zaidi kuliko saa nyingi za kukariri, kwa sababu linamwonyesha kwamba kusema hadharani ni kuingia katika makubaliano na wasikilizaji, na kwamba makubaliano hayo yanawapa wao haki ya kuuliza na yeye wajibu wa kujibu.

Ni vyema kutofautisha hapa aina mbili za usemaji ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni mdahalo, yaani mabishano yenye kanuni ambamo upande mmoja huitetea hoja na mwingine huipinga. Katika mtindo unaotumiwa sana na vilabu vya vyuo vikuu duniani, timu nne za watu wawili wawili hukutana, kila msemaji hupewa dakika saba, na ukiondoa dakika ya kwanza na ya mwisho, wapinzani wanaruhusiwa kusimama na kuomba kumuuliza. Pande hupangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujikuta akilitetea jambo asiloliamini hata kidogo, na zoezi hilo lina faida kubwa kwa sababu humfanya auone uzito wa hoja ya mwenzake. Aina ya pili ni ile ya mtu kuisemea imani yake mwenyewe, ambapo hakuna bahati nasibu wala alama za majaji, na msemaji hawezi kushuka jukwaani akadai kwamba alikuwa anacheza upande aliopangiwa. Mdahalo huunoa ulimi na akili, lakini aina hii ya pili humpima mtu mwenyewe, na ndiyo iliyoandika sehemu kubwa ya historia ya Mlimani.

Historia hiyo ina tarehe ambayo wanachuo wa rika zote huitaja, nayo ni 22 Oktoba 1966, wakati mamia ya wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu wakipinga sheria iliyowalazimu kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Rais Julius Nyerere aliwapokea, akasikiliza tamko lao, kisha akajibu kwa hasira kwa kuwafukuza chuo wanafunzi karibu 400 na, papo hapo, kutangaza kwamba anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwemo Samuel Sitta, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, na wengi wa wenzake waliruhusiwa kurudi masomoni baada ya muda. Tukio hilo linaweza kuhukumiwa kwa namna nyingi: kwa upande mmoja wanafunzi walikuwa wakitetea maslahi yao katika nchi ambayo wakulima wake ndio waliowasomesha, na kwa upande mwingine adhabu ilikuwa kali kupita kiasi kwa vijana waliokuja mchana kweupe na tamko mkononi. Lakini pande zote mbili zilionana uso kwa uso, zikasema na zikajibiwa, na jibu halikuwagusa wanafunzi pekee, kwani miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilikuja na masharti ya uongozi yaliyowabana wakubwa wenyewe.

Baada ya Azimio, jukwaa la Mlimani lilibadilika, na mwishoni mwa 1967 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, ambao mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Wanachama wake walisoma kwa pamoja siku za Jumapili, wakawaalika wasemaji, wakabishana na mhadhiri wao kutoka Guyana, Walter Rodney, na mwaka 1969 wakaanzisha jarida la Cheche, lililoandikiwa na kuhaririwa na wanafunzi ambao majina yao, likiwemo la Issa Shivji, la Karim Hirji na la Zakia Meghji, yalikuja kujulikana kote nchini. Umoja huo pamoja na jarida lake ulipigwa marufuku mwaka 1970, na Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni na polisi wenye silaha baada ya kuandika barua ya wazi ya kuukosoa uongozi wa chuo, jambo lililowafanya wenzake wagome. Kilichodumu katika habari hizo ni kwamba barua ilikuwa ya wazi, makala za Cheche zilikuwa na majina ya walioziandika, na kila aliyetaka kuzipinga alijua pa kuwapata wenyewe.

Mlimani hiyohiyo imewahi kuonja kinyume cha desturi hiyo, na kumbukumbu yake inauma. Kwa miaka mingi kulikuwepo maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku na watu wasiojulikana, ikijiita Punch, ambayo watetezi wake waliisifu kuwa ni sauti ya kukosoa wakubwa, lakini ambayo iligeuka kuwa chombo cha kuwadhalilisha wanafunzi wa kike mmoja mmoja, kwa majina yao, huku walioandika wakificha ya kwao. Aliyeshambuliwa hakuwa na wa kumjibu, kwa sababu ukuta hauulizwi swali. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameandamwa na kudhalilishwa kwa namna hiyo alijitoa uhai, na wanaharakati wa kike, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, walilipeleka suala hilo mbele ya umma kwa majina yao wenyewe. Ni haki kusema bila kuzunguka kwamba uhuru wa kusema bila jina, pale unapomlenga mtu asiye na nguvu, ni ukatili, na kwamba jukwaa lililofunguka mchana, hata likiwa na kelele, ni salama kuliko ukuta wa usiku.

Leo Ukumbi wa Nkrumah unalo tena jukwaa la namna hiyo, hasa tangu kilipoanzishwa mwaka 2008 Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, yaani nafasi ya uprofesa iliyokusudiwa kufufua mijadala kuhusu umoja na ukombozi wa bara, ambacho mshikaji wake wa kwanza alikuwa Issa Shivji yuleyule wa Cheche. Mhadhara wa kwanza wa tamasha lake, mwaka 2009, ulitolewa na mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka. Katika mikutano kama hiyo mwanafunzi hupanga foleni nyuma ya kipaza sauti pamoja na profesa na mbunge, husema jina lake na mwaka wake wa masomo, ndipo huuliza, na kila aliyemo ukumbini hugeuza shingo kumwona.

Kutoka Dar es Salaam basi la Nairobi hupita Chalinze, Korogwe, Same na Moshi, huziacha safu za Upare mkono wa kulia, huvuka mpaka Namanga na kuingia nyanda za Kajiado. Njiani masuala hayabadiliki sana, kwani ada, ajira, ardhi na mvua zisizotabirika ni mazungumzo ya abiria wa pande zote mbili za mpaka, lakini namna ya kuyasema hubadilika, na anayefika Chuo Kikuu cha Nairobi huligundua hilo mapema. Jukwaa la wanafunzi wa hapo ni kamukunji, yaani mkutano wa hadhara unaoitishwa kwa muda mfupi, uliopewa jina la uwanja wa mashariki ya jiji ambako wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru walihutubia. Msemaji hupanda juu ya meza au ngazi, huita "Komredi!" na umati hujibu "Pawa!", kisha huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, lugha ya vijana wa mjini, katika sentensi moja, kwa kuwa anajua kwamba wasikilizaji wasiporidhika katika dakika ya kwanza watamzomea na kumwita mwingine.

Ardhi inayokizunguka chuo hicho imezoea sauti za namna hiyo kwa zaidi ya karne moja. Barabara inayopita kando yake ina jina la Harry Thuku, kiongozi aliyekamatwa na serikali ya kikoloni Machi 1922, na ni hapo jirani ambapo umati ulikusanyika kudai aachiwe, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke ambaye hakuwa na cheo chochote, aliwakemea wanaume waliotaka kurudi nyuma, akasonga mbele na kuuawa kwa risasi pamoja na wengine wengi. Ng'ambo ya barabara kuu iko bustani ya Uhuru Park, ambayo mwaka 1989 ilipangiwa kujengwa jumba la ghorofa 60, hadi Wangari Maathai, aliyepata shahada yake ya uzamivu kwenye chuo hichohicho mwaka 1971 na kufundisha humo, alipoandika barua na kusema hadharani kwa jina lake, akadhihakiwa bungeni, na mwishowe jumba lisijengwe. Gharama ya kusema haikuwa ndogo kwa wanafunzi wenyewe: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, mwenyekiti wa umoja wao, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na kufia gerezani mwaka 1988. Anayesimama leo juu ya meza kwenye kamukunji na kusema kwa dakika tano bila kukamatwa anaitumia haki ambayo wengine waliilipia, na wajibu wake wa kwanza ni kutoipoteza kwa matusi.

Sehemu ya mwisho ya safari inapita Bonde la Ufa na Nakuru, inavuka mpaka Busia au Malaba, na kuuvuka mto Nile pale Jinja kabla ya kuingia Kampala. Juu ya mtaa wa Wandegeya, ambako korongo wakubwa hutua kwenye miti na mapaa bila kuogopa watu, kimesimama Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye vijana 14. Jengo Kuu lake, lililoungua Septemba 2020 na kufunguliwa upya 2024 baada ya kujengwa kwa sura yake ya zamani, linatazamana na Uwanja wa Uhuru, eneo la nyasi ambalo ndilo jukwaa la wanachuo. Hapa Nyerere alisoma ualimu kuanzia 1943 hadi 1945, akaanzisha pamoja na wenzake chama cha ustawi wa Watanganyika, na akaandika insha iliyolaani dhuluma wanayotendewa wanawake. Hapa pia, mwaka 1970, Walter Rodney alikuja kutoka Dar es Salaam kulumbana na Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa profesa wa sayansi ya siasa, katika mjadala ambamo wasomi wawili waliopingana karibu katika kila jambo kuhusu ubeberu na mustakabali wa Afrika walisikilizana mbele ya wanafunzi, na kila mmoja akaondoka akiwa na heshima yake.

Katika kizazi cha sasa, mfano ulio wazi zaidi wa mwanafunzi kuisemea imani yake unatoka katika shule ya biashara ya Makerere iliyoko Nakawa, ambako Vanessa Nakate alikuwa akimalizia masomo alipoanza, Januari 2019, kusimama barabarani Kampala na bango la kudai hatua kuhusu mabadiliko ya tabianchi, yaani kuvurugika kwa mvua na joto kunakowaumiza wakulima wasio na mchango mkubwa katika kusababisha hali hiyo. Alianza na ndugu zake wachache, na nyakati nyingine alisimama peke yake, lakini mwaka mmoja baadaye alikuwa Davos, kwenye mkutano wa uchumi wa dunia, pamoja na vijana wanaharakati wa Ulaya. Shirika moja la habari lilipoisambaza picha yao likiwa limemkata yeye, Mwafrika pekee aliyekuwemo, aliuliza hadharani kwa nini ameondolewa, na swali lake likasafiri duniani zaidi kuliko ambavyo picha ile ingesafiri. Yaliyompata yanathibitisha kwamba uso na jina ndivyo mtaji wa anayesema, kwa kuwa anayetaka kuizima hoja bila kuijibu huanza kwa kumwondoa msemaji machoni pa watu.

Makerere imeonja pia upande wa pili, kwani Julai 2022 kampeni za kumchagua kiongozi wa wanafunzi ziligeuka vurugu na mwanafunzi mmoja akachomwa kisu na kufa, uchaguzi ukasimamishwa, na baadaye kampeni zikahamishiwa mtandaoni. Uamuzi wa kulinda uhai hauwezi kubezwa, na anayeitetea mikutano ya hadhara kwa gharama ya damu ya kijana hajui anachokitetea. Hata hivyo, tiba ya kudumu haiwezi kuwa kuuacha Uwanja wa Uhuru mtupu, kwa sababu mtandaoni akaunti zisizo na majina huweza kumwandama mtu usiku na mchana, kama Punch ilivyowaandama wasichana wa Mlimani, tena mbele ya watu wengi zaidi na bila mlinzi wa kubandua karatasi asubuhi.

Kinachohitajika kinajulikana, na vyuo vyote vitatu vimewahi kukifanya kwa nyakati tofauti: uwanja ulio wazi mchana, mwenyekiti anayeheshimiwa na pande zote, muda uliogawiwa kwa haki, ulinzi kwa mwanafunzi wa kike na kwa mwenye ulemavu, lugha ambayo wasikilizaji wanaielewa, na juu ya yote haki ya kujibu. Katika suala la lugha, wanachama wa CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wameshaonyesha njia, kwa kuwa makongamano yao huwakutanisha vijana wa nchi mbalimbali wakijadili na kupingana kwa Kiswahili sanifu bila kumwacha nje yeyote. Wakuu wa vyuo wasingoje hadi migomo izuke ndipo wakumbuke kwamba wanafunzi wana la kusema, wahadhiri wasiwaachie mijadala wanasiasa, na wanafunzi wenyewe wakatae kushangilia neno lisilo na mwenyewe. Na msomaji anayeishi karibu na chuo chochote, awe mzazi, mfanyabiashara au mkulima, anaombwa siku moja aende akaketi miongoni mwao, amsikilize kijana mmoja hadi mwisho, kisha asimame, ataje jina lake, na aulize swali.